Kuwatuza Wachapakazi wa Mjengo Nairobi: Kupima, Kulipa na Kusherehekea Bila Kuzua Ugomvi

Sherehe nyingi za kuwatuza wachapakazi wa mjengo huharibika miezi miwili kabla ya mbuzi kununuliwa. Hakuna aliyeandika nani alifanya nini, kwa hiyo siku ikifika nyapara anakuna kichwa na kutaja watu watatu anaowakumbuka, wawili kati yao wakiwa wa kwao. Wengine wanapiga makofi kwa adabu, wanakula nyama, na Jumatatu kasi ya kazi inashuka bila mtu kusema neno.

Mwongozo huu ni wa kontrakta mdogo au msimamizi wa saiti yenye watu 30 hadi 60. Hesabu zake zimepigwa kwa saiti ya watu 40: mafundi 15 na watu wa mkono 25, yaani wasaidizi wanaowahudumia mafundi. Karakana ya Kamukunji au genge la wapakuaji mizigo Gikomba wanaweza kuufuata vilevile, ila vipimo vya kazi watajitungia.

Lipa kwanza

Kama kuna mtu anayedai hata siku mbili, ahirisha sherehe. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa siku hulipwa jioni ya siku hiyo. Mijengo mingi imezoea kulipa Jumamosi, na watu wameridhia, lakini Jumamosi ikiruka hakuna cheti kitakachoziba pengo. Mtu anayedaiwa kodi ya nyumba Mukuru hasikii hotuba.

Kisha ondoa kwenye orodha ya zawadi kila kitu ambacho tayari ni haki ya mfanyakazi. Hapa ndipo makontrakta wengi wanajiaibisha bila kujua. Gambuti, helmeti, glavu na reflekta ni vifaa vya kujikinga ambavyo mwajiri anapaswa kutoa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Ukimwita fundi mbele ya wenzake ukamkabidhi helmeti kama tuzo, umewatangazia watu 39 kwamba wamekuwa wakifanya kazi bila kinga. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba pia ni haki yake. Na kibarua aliyefanya kazi kwako mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, sheria inamtazama kama mfanyakazi wa mkataba wa mwezi, kwa hiyo usimwahidi “kuandikwa kazi” kama zawadi ya bidii. Huenda ameshaandikwa na sheria kabla yako.

Daftari la wiki nane

Chukua daftari la kurasa 200 lenye jalada gumu. Karatasi za kuchomoka hupotea, na simu ya nyapara hubadilika. Andika kwa wiki nane kamili kabla ya siku ya sherehe, na siku ya kwanza waite watu wote saa ya chai uwasomee kitakachopimwa. Mchezo ambao kanuni zake zinatajwa baada ya kipenga cha mwisho huitwa wizi, hata kama mshindi alistahili.

Alama 100 zigawanywe hivi: mahudhurio 20, kazi isiyorudiwa 40, usalama 20, kura ya wenzake 20.

Mahudhurio yana mitego yake. Wiki nane za siku sita ni siku 48. Toa siku ambazo saiti yote ilisimama kwa mvua, au lori la mawe lilipokwama. Usimkate mtu alama kwa siku ya ugonjwa wenye karatasi ya hospitali au ya kumzika mtu wa karibu. Wasabato hawaji Jumamosi: kwao hesabu siku tano kwa wiki, la sivyo umewafungia mlango tangu siku ya kwanza. Kinachobaki ni uzembe wa kweli, kama Jumatatu za “kuamka vibaya” ambazo kila nyapara anazijua.

Usalama uanze na alama 20 kamili, kisha upungue 5 kila mtu anapokutwa akikiuka jambo lililosomwa siku ya kwanza: kupanda jukwaa lisilo na reli, kuacha mbao zenye misumari iliyosimama, kutupa kitu kutoka juu bila kupaza sauti. Usimpunguzie mtu alama kwa sababu ameumia. Ukifanya hivyo, watu wataanza kuficha majeraha, na kidonda kilichofichwa chini ya glavu kitakurudia baadaye kama fidia.

Kazi isiyorudiwa ndiyo roho ya daftari. Kagua kila fundi mara tatu kwa wiki, siku ambazo hazijulikani. Kwa mjenzi wa ukuta, tumia timazi namna hii: pigilia kipande cha ubao chenye unene wa milimita 50 juu kabisa ya ukuta, pitisha uzi wa timazi mbele yake, na uache jiwe lining’inie mpaka karibu na chini. Kukiwa na upepo, zamisha jiwe la timazi ndani ya ndoo ya maji, litatulia haraka. Pima kutoka kwenye uzi hadi ukutani kule chini. Ukipata milimita 50, ukuta umesimama. Ukipata 58, umepotoka kwa 8, na kwa ukuta wa mita 3 hiyo inavumilika. Ukipata 64, tofauti ni 14: andika “haikupita”, kwa sababu plasta iliyokusudiwa kuwa ya milimita 15 itabidi upande mmoja iende karibu 30, na saruji hiyo haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Kwa mpiga plasta, gonga kwa kifundo cha kidole kila hatua moja. Mlio wa debe tupu maana yake plasta haikushika, ama kwa sababu ukuta haukuloweshwa au mchanga ulikuwa na udongo. Kabla ya kumkata alama, ujue mchanga ulichaguliwa na nani. Kwa mfunga nondo, hesabu nafasi kati ya vyuma na uone kama vijiwe vya kuinulia vimewekwa chini ya nondo kabla ya kumwaga zege.

Mtu wa mkono naye anapimwa, ingawa wengi hudhani hapimiki. Nyapara apite saa tatu, saa tano na saa tisa, na kila mara aangalie jambo moja tu: je, fundi amesimama akisubiri? Kama karai ni tupu, uzi umelegea, au mawe yako chini na fundi yuko juu, mkono wake amekosa alama. Kama fundi anapiga mwiko bila kugeuza kichwa, mkono wake anaijua kazi. Mkono mzuri huleta mchanganyiko kabla hajaitwa, na haleti mwingi hadi ukauke karaini.

Kwa nini usihesabu mawe

Kishawishi kikubwa ni kuhesabu mawe yaliyojengwa na kumtangaza mwenye idadi kubwa. Usifanye hivyo. Fundi anayewekwa kwenye kona ndiye huwa hodari kuliko wote, maana kona ikipotoka nyumba nzima imepotoka. Yeye hujenga polepole, akipima kila jiwe pande mbili kwa pima maji. Kona zikishasimama, uzi unavutwa kati yake, na wajenzi wa katikati wanajaza mawe kwa mbio wakifuata uzi alioufunga yeye. Ukihesabu mawe, fundi wa kona atatoka wa mwisho. Madirisha na milango hupunguza kasi vilevile, na aliyepangiwa ghorofa ya tatu hawezi kulingana na wa chini ambaye mawe ya Ndarugo yamepakuliwa miguuni pake.

Mfano unaojulikana duniani ni wa Alexei Stakhanov, mchimba makaa wa Donbas katika Umoja wa Kisovieti. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1935 ilitangazwa kwamba alichimba tani 102 kwa zamu moja isiyofika saa sita, wakati kiwango cha zamu kilikuwa tani 7. Jina lake likawa jina la kampeni nzima ya kuwasifu wachapakazi. Kisichotajwa sana ni kwamba usiku ule yeye alishika mashine ya kuchimbia tu, huku wanaume wengine wawili wakimfuata nyuma kuegemeza paa la mgodi kwa magogo, kazi ambayo kwa kawaida kila mchimbaji aliifanya mwenyewe. Idadi ya watu watatu ikaandikwa kwa jina la mmoja. Mwaka uliofuata, viwango vya kazi vikapandishwa kwenye viwanda na migodi, na mfanyakazi wa kawaida ndiye aliyelipia sifa za mwenzake.

Mjengoni, dawa ya kosa la kwanza ni kutuza jozi: fundi na mkono wake wanapanda pamoja na kugawana sawa. Dawa ya kosa la pili iko mwisho wa mwongozo huu.

Tazama jinsi daftari linavyoweza kugeuza matokeo. Tuseme baada ya kutoa mvua zimebaki siku 45, na kila jozi imekaguliwa mara 24. Jozi ya kwanza ilikuja siku zote (20), ikapita ukaguzi mara 18 (30), ikakosa usalama mara moja (15), na kupata kura 8 kati ya 40 (4). Jumla 69. Jozi ya pili, ile ya kona, ilikosa siku tatu (18.7), ikapita ukaguzi mara 23 (38.3), usalama kamili (20), kura 17 (8.5). Jumla 85.5. Jozi ya kwanza ndiyo iliyojenga mawe mengi, na bila daftari ndiyo ingepigiwa makofi.

Kura ya maharagwe

Kura ya wenzake ina maana kwa sababu watu wanaofanya kazi pamoja wanajua mambo ambayo nyapara hayaoni: nani huchukua kazi ya juani mwenzake akiumwa, nani hujificha choo kila lori linapoingia. Ila isizidi alama 20. Ikizidi, ukoo na kijiji ndivyo vitapiga kura.

Chukua mikebe ya rangi ya lita 4 iliyooshwa, mmoja kwa kila jozi iliyoingia tano bora. Bandika picha za wawili hao mbele ya mkebe, kwani wapo wasiosoma na hawatakwambia. Toboa mfuniko tundu la kupita haragwe moja. Mwaga mchanga mkavu wa sentimita 3 ndani ya kila mkebe: bila mchanga, haragwe likigonga bati linasikika, na walio nje wanatambua kwa mlio ni mkebe upi. Simamisha mikebe nyuma ya ubao wa plaiwudi. Kila mtu apewe haragwe moja mkononi na mtu ambaye hashindani, kwa mfano anayeuza chakula saiti. Majina yapigwe tiki kwenye orodha ya mahudhurio.

Mikebe ifunguliwe pale pale, watu wote wakiona. Chekecha mchanga kwa wavu uliopo saiti, panga maharagwe kumi kumi juu ya ubao, hesabu kwa sauti. Kazi yote huchukua nusu saa.

Kura ifanyike siku tatu kabla ya sherehe, ili upate muda wa kujumlisha na kuandika vyeti.

Pesa na tuzo

Kipimo chepesi cha bajeti ni mshahara wa saiti nzima wa siku moja. Tuseme mafundi 15 kwa Sh1,500 na mikono 25 kwa Sh800: hiyo ni 22,500 na 20,000, jumla Sh42,500. Gawa hivi: tuzo 20,000, chakula 17,500, vyeti 2,000, mkaa 1,500, viti vya kukodi 1,500.

Tuzo za Sh20,000 zigawanywe katika mafungu matano. Jozi bora 8,000, yaani 4,000 kwa kila mmoja. Mtu bora wa mkono 4,000. Usalama 3,000. Mahudhurio 3,000. Fungu la mwisho la 2,000 liende kwa mtu ambaye daftari halimpimi kabisa: askari wa usiku, mama wa chakula, au yule anayekoroga zege tangu asubuhi na ambaye hakuna ukuta unaobeba alama yake. Mtu mmoja asichukue mafungu mawili, apewe la juu na la chini limwendee anayemfuata.

Pesa taslimu ndiyo zawadi inayopendwa, na usione aibu kuitoa. Seti ya glasi na saa ya ukutani ni mzigo kwa mtu anayeishi chumba kimoja. Tuma kwa M-Pesa, ongeza na ada ya kutoa, na usitaje kiasi kwenye maikrofoni. Mtu aliyetangazwa kuwa ana elfu nne mfukoni ana safari ndefu ya kufika Mathare jioni, na nyumbani anasubiriwa na wanaomdai waliosikia habari kabla yake.

Ukipenda kuongeza kitu kisicho pesa, viwili vinafaa kuliko vyote. Cha kwanza ni kumlipia mtu wa mkono ada ya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya kazi za viwandani, unaoanzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Wako watu wenye miaka kumi ya kuweka mawe ambao bado wanalipwa kama mikono kwa sababu hawana karatasi. Lipa moja kwa moja kwenye mamlaka, mpe muda wa kwenda kufanya, na usimkate mshahara siku hiyo. Cha pili ni zana nzuri: pima maji yenye urefu wa sentimita 120, au mwiko wa chuma kigumu. Mwache achague mwenyewe dukani. Kila fundi ana namna yake ya kushika zana, na mwiko uliomkaa vibaya atauuza kabla mwezi haujaisha.

Kuhusu mchango wa bima ya afya ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii: aliye kwenye orodha yako ya mishahara unamkata asilimia 2.75 na kuipeleka, hiyo si zawadi. Ila mama wa chakula anayejitegemea anaweza kulipiwa mchango wa mwaka. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka.

Na kodi isisahaulike. Pesa taslimu huhesabiwa kama sehemu ya mshahara wa mwezi huo, kwa hiyo iandikwe kwenye orodha ya malipo pamoja na makato yake. Zawadi zisizo pesa zina nafuu: tangu mwisho wa mwaka 2024, zikiwa hazizidi Sh60,000 kwa mwaka kwa mfanyakazi mmoja, hazitozwi.

Cheti

Cheti cha fundi wa Nairobi hakitundikwi tu ukutani. Kitaenda kwenye bahasha hadi kwa kontrakta mwingine Ruaka au Syokimau, mwenye maswali mawili: huyu alifanya nini hasa, na nani anathibitisha? Maneno kama “kwa kutambua mchango wake mkubwa” hayamsaidii. Andika: “Alijenga kona na kuta za ghorofa ya kwanza hadi ya tatu kwa mawe ya inchi tisa, kuanzia mwezi fulani hadi fulani. Ukaguzi 23 kati ya 24 ulipita.” Weka jina la msimamizi, nambari ya simu ya ofisi, sahihi na muhuri.

Jina ndilo kosa linalouma kuliko yote. Saitini watu huitwa kwa majina ya utani kwa miaka, na nyapara anaweza asijue jina la kitambulisho. Mpe kila mtu karatasi aandike mwenyewe kwa herufi kubwa, au asome kitambulisho chake huku wewe ukiandika, kisha umsomee tena. Fanya hivi kwa watu wote 40, ili orodha ya washindi isivuje.

Chapisha kwenye kadi nene ya A4 katika maduka ya uchapishaji ya katikati ya jiji, na ukifungie plastiki. Fremu ya kioo haifiki nyumbani salama ndani ya matatu.

Tarehe na mahali

Leba Dei, tarehe 1 Mei, inavutia, lakini ina matatizo matatu. Ni sikukuu, na ukiwaita watu kazini siku hiyo watadai malipo mara mbili. Iko katikati ya masika. Na wapo wanaotaka kwenda kwenye sherehe ya kitaifa na vyama vyao. Lipo pia jambo la maana ya siku yenyewe: chimbuko lake ni Chicago mwaka 1886, wafanyakazi walipogoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Kumtukuza mtu siku hiyo kwa kuwa alifanya kazi saa 14 ni kuipindua miguu juu. Hata siku nyingine yoyote, muda wa ziada usiwe sifa ya kutuzwa, ulipwe.

Ijumaa alasiri ndiyo inayofaa saiti yenye watu mchanganyiko. Waislamu wameshatoka swala ya Ijumaa, na Wasabato wanaondoka kabla jua halijatua. Anza saa nane na nusu, maliza saa kumi na moja. Tazama pia kalenda ya Ramadhani kabla ya kuagiza mbuzi wa mchana.

Mahali pazuri ni saiti yenyewe, pale chini ya ghorofa ya kwanza, ambapo kuta walizojenga ndizo pambo. Ila usikalishe watu chini ya slabu ambayo bado imeegemezwa kwa miti au vyuma. Nguzo hizo kwa kawaida hukaa wiki tatu hadi nne, na mhandisi ndiye anayesema zitoke. Mtoto wa mgeni akicheza na kabari moja, habari itakuwa nyingine. Kama slabu bado ni mbichi, kodi hema uliweke uani, mbali na jukwaa na winchi. Fagia misumari siku ya kuamkia, zima mashine zote, fungia zana stoo. Ukitaka spika kubwa, omba kibali cha kaunti mapema. Spika ndogo ya betri inatosha watu 50, na majirani hawataita polisi.

Pombe isiingie saiti hata kidogo, hata baada ya kazi.

Chakula

Mtu anayebeba mawe kutwa hali kama mgeni wa arusi ya hotelini. Pika kwa watu 45: wafanyakazi 40, mama wa chakula na msaidizi wake, askari wawili, na mhandisi.

Nyama ya mbuzi gramu 350 mbichi, yenye mfupa, kwa kila mtu. Hiyo ni takriban kilo 16. Mbuzi wa kilo 25 hadi 30 akiwa hai hutoa nyama nusu ya uzito wake au pungufu kidogo, kwa hiyo mmoja hatoshi: ongeza kilo tatu au nne za bucha badala ya kununua wa pili. Kiamaiko na Burma zote ni mahali pa kununulia, na uhakikishe muhuri wa mkaguzi uko juu ya nyama na mchinjo ni halali, ili sufuria iwe moja kwa wote. Kutenga sahani za Waislamu pembeni kunaigawa sherehe.

Unga pakiti saba za kilo mbili. Sukuma, nyanya na vitunguu vya kachumbari, dhania, pilipili. Soda kreti mbili, chupa 48. Maji ya kunywa lita 60 na ya kunawa ndoo nne, pamoja na sabuni.

Choma mbavu na mapaja, chemsha shingo na miguu upate supu. Moto uwashwe saa tano asubuhi. Nyama ya mbuzi inataka makaa yaliyotulia kwa saa moja na nusu hadi mbili, na mtu akiharakisha kwa miali atatoa nyama nyeusi nje na mbichi mfupani. Ugali usongwe mwishoni, kwa awamu mbili, kwa kuwa sufuria moja ya pakiti saba hakuna mkono unaoisonga bila madonge. Mama anayeuza chakula saiti akipewa kazi hii, alipwe kama mpishi. Usimwombe “asaidie”. Siku hiyo hatauza, na kibanda chake kimekosa pato.

Siku yenyewe

Mgao wa kwanza wa nyama uanze kabla ya hotuba. Watu wenye njaa husikia maneno machache. Wakubwa wachote na kuketi pamoja na wafanyakazi, bila meza ya mbele yenye kitambaa.

Hotuba ya mwenye kazi isizidi dakika tano. Msomaji wa matokeo awe yule aliyekuwa akikagua kwa timazi, akiwa na daftari mkononi, aanze na tuzo ya chini na kupanda. Kwa kila moja aseme jambo moja lililoonekana, kisha jina. Kwa mfano: “Kati ya kaguzi 24, ukuta wao ulirudiwa mara moja tu, nao waliubomoa wenyewe kabla sijafika. Fundi na mkono wake, njooni mbele.” Wanaoitwa waitwe kwa heshima waliyoizoea: mzee aitwe mzee, mama aitwe mama, fundi aitwe fundi. Mwanamke anayebeba maji na kokoto asiitwe “msichana wetu” kwenye maikrofoni wakati ana wajukuu.

Picha zipigwe kwa ridhaa. Uliza faraghani siku moja kabla, maana mbele ya watu hakuna anayekataa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda asiyetaka sura yake itumike kwenye tangazo la kampuni.

Baada ya matokeo weka daftari juu ya meza, wazi, kila mtu alipekue. Watakaopekua ni wachache, lakini wote wataona kwamba liliwekwa.

Jumatatu inayofuata

Watakuja wawili au watatu kulalamika. Wafungulie ukurasa wao, uwaonyeshe tarehe. Ukikuta umekosea jumla, kubali, mpe cheti na fungu lake kutoka mfuko wa dharura, na usimnyang’anye aliyekwisha kupewa. Malalamiko yapokewe kwa siku saba, baada ya hapo daftari lifungwe.

Na ile dawa ya pili. Usipandishe kazi ya siku kwa sababu jozi bora imeonyesha inawezekana. Yule fundi wa kona alifika pale akiwa na mkono mzuri, mawe yaliyonyooka na mchanga safi. Ukiwaambia wengine 14 wafikie kiwango chake kuanzia wiki hii, watamchukia yeye kabla hawajakuchukia wewe, na mwaka ujao atajizuia makusudi ili asitajwe. Kama kweli unataka kasi iongezeke, chunguza kwenye daftari ni kitu gani kilimsaidia. Mara nyingi utakuta ni mkono wake, aliyekuwa akipanga mawe juu ya jukwaa jioni kabla ya kwenda nyumbani. Mwombe huyo awaonyeshe wenzake anavyopanga, asubuhi moja, nusu saa, ndani ya muda wa kazi unaolipwa.